CD zenye kovu: panki ya Wachina ilivyopita Guangdong ikiwa takataka

Safari hii niliombwa niandike kitu cha ufundi, na kwa kuwa mhariri hakusema ufundi gani, nimechagua muziki. Msinicheke. Mkiendelea kusoma mtaona kwamba habari hii ni ya plastiki, kontena na leza kuliko ya magitaa, na kwamba imepita mlangoni petu hapa hapa, kituo kimoja au viwili vya metro kutoka Wushan.

Tuanze na neno lenyewe. Panki kwetu ni nywele. Kinyozi anakuuliza, "Nikupige panki?" na wewe unajua ni ule mtindo wa kunyoa pembeni na kuacha juu. Wachache wanajua kwamba neno limetoka kwenye muziki. Punk, ambayo hapa nitaiita panki, ni roki iliyovuliwa mapambo. Kodi tatu za gitaa, ngoma zinakwenda mbio, mwimbaji anapiga kelele, wimbo unakwisha kabla chai haijapoa. Ilishika kasi New York na London katikati ya miaka ya 1970. Albamu ya kwanza ya Ramones, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14 na yote kwa jumla haizidi dakika 30. Shikeni namba hiyo, tutairudia. Wazo kubwa la panki ni kwamba huhitaji kuwa fundi wa muziki ndipo uanze bendi. Unaanza leo, unajifunza jukwaani, na mara nyingi bendi inakufa kabla hujajua kupiga vizuri.

Katika nchi zilizokuwa zimefungwa, muziki wa namna hii uliingia kwa mlango wa uani. Urusi ya Kisovieti, tangu enzi za Stalin, vijana walichonga nyimbo zilizokatazwa kwenye picha za eksirei zilizotupwa na hospitali. Unashika santuri, ukiiinua kwenye mwanga unaona mbavu za mtu. Chekoslovakia mwaka 1976 serikali iliwafikisha mahakamani wanabendi wa The Plastic People of the Universe na wenzao, na kesi ile ndiyo iliyowasukuma watu kuandika tamko la Charta 77. Kote huko, kabla ya kuuliza bendi ilisema nini, inafaa uulize kwanza swali la kihandisi: sauti iliwafikiaje?

Kwa China jibu ni la ajabu kidogo. Iliwafikia kama taka za plastiki, na bomba kubwa lilikuwa jimbo hili la Guangdong.

Kwanza hali ilivyokuwa. Miaka ya 1990 mwanafunzi wa Beijing au Wuhan aliyetaka roki ya nje hakuwa na pa kwenda. Roki ya Kichina yenyewe ilikuwepo: Cui Jian alianza kutikisa mwaka 1986, na mwaka 1994 He Yong, jamaa aliyejiita mpanki, akatoa albamu yenye jina linalomaanisha "Jalala". Lakini muziki wa nje ulipita kwenye kampuni za serikali na kukaguliwa, na uliofika madukani ulikuwa mchache tena mlaini. Intaneti ya kupakua nyimbo haikuwepo.

Wakati huohuo Marekani na Ulaya kampuni za muziki zilikuwa na shida ya kinyume. Zilichapisha CD na kaseti kuliko zilivyouza. Mzigo uliobaki ulirudi ghalani, na kuutunza ni gharama. Ukiugawa bure unaharibu soko. Dawa ilikuwa kuukata: msumeno unapita pembeni mwa boksi zima, kila CD inabaki na pengo, kila kaseti inapasuliwa, na hapo bidhaa inahesabika imekufa. Halafu mzigo unauzwa kwa kilo kama plastiki ya kuyeyushwa. Na nani alikuwa ananunua plastiki chakavu ya dunia nzima miaka ile? China. Kontena zikateremka kwenye bandari za kusini, kwenye karatasi za forodha zikiandikwa taka. Taka hazipiti kwa mkaguzi wa nyimbo.

Mzigo ulipofika kwenye yadi, hasa upande wa Shantou, mashariki mwa jimbo hili, wachambuaji wakagundua mapema kitu ambacho aliyeshika msumeno kule ng'ambo hakukifikiria: CD nyingi zilikuwa bado zinapiga. Kwa nini uziyeyushe kwa bei ya plastiki wakati kuna mwanafunzi Beijing atakayelipa yuan zake? Biashara ikazaliwa. Wachina waliziita dakou, yaani zilizokatwa mdomo. Mji mdogo wa Heping, wilaya ya Chaoyang ya huko Shantou, ukawa soko la jumla. Hapa Guangzhou zikamwagwa Gangding, palepale penye maduka ya kompyuta mnakonunua chaja. Huko Beijing, mtaa wa Wudaokou uliozungukwa na vyuo vikuu.

Kisu na leza

Sasa niruhusuni nivae koti langu la uhandisi. Kwa nini CD iliyokatwa bado inapiga?

CD ni kisahani cha polikaboneti chenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2, na juu yake utando mwembamba wa alumini. Sauti imeandikwa kwa vijishimo vidogo sana vilivyopangwa kwenye mstari mmoja unaozunguka kama gamba la konokono. Mstari na jirani yake vimeachana kwa mikromita 1.6 tu. Ukiunyoosha mstari wote wa CD ya dakika 74 utapata zaidi ya kilomita 5. Jambo muhimu ni hili: santuri ya zamani ilianzia nje kwenda ndani, lakini CD huanzia ndani, karibu na tundu la katikati, na kwenda nje. Orodha ya nyimbo, ile ambayo mashine inaisoma kwanza ikimezeshwa CD, nayo iko huko ndani kabisa.

Kwa hiyo msumeno ukikata ukingo unaua mwisho wa albamu na kuacha mwanzo. Mashine inaingiza CD, inasoma orodha, inapiga wimbo wa kwanza, wa pili, wa tano, bila kujua kwamba mbele kuna shimo. Ikifika kwenye pengo inaanza kukwaruza na kurukaruka, kisha inakwama. Ni kweli CD ina hesabu za kusahihisha makosa, na mkwaruzo wa milimita mbili na ushee inaweza kuufidia usisikie kitu. Lakini pengo la msumeno linarudi kila mzunguko, na pale hakuna hata kioo cha kurudisha mwanga. Leza inapoteza njia. Zaidi ya hapo kisahani kilichomegwa upande mmoja hakina mizani, kinatetemeka kikizunguka, na mashine za bei rahisi zilikuwa zinanguruma kama mashine ya kusaga.

Fundi mmoja wa maabara yetu, mzee wa makamo tunayemwita Laoshi kama wengine wote, alinisikia nikiongea habari hizi akaniletea CD tatu kutoka kwake. Alizinunua akiwa mwanafunzi. Nilizipima kwa kalipa. Moja ina kato la milimita 8 kutoka ukingoni, ya pili 11, ya tatu 16. Eneo la muziki kwenye CD linaanzia kama milimita 25 kutoka katikati na kuishia 58. Kwa sababu mstari unasomwa kwa mwendo uleule mwanzo mpaka mwisho, muda wa muziki unalingana na eneo la duara na si urefu wa nusu kipenyo. Piga hesabu: kwa CD iliyoandikwa kwa kiwango cha dakika 74, kato la milimita 8 linakuachia kama dakika 56 salama. La 11 linaacha 48. Lile baya, la 16, linaacha dakika 35.

Sasa rudisheni ile namba ya Ramones. Dakika 29! Ili kuigusa albamu ile ya kwanza msumeno ungepaswa kuzama karibu milimita 19. Bendi za roki ndefu ndefu, zile za kupiga gitaa dakika ishirini bila kuvuta pumzi, ndizo zilipoteza nusu ya mwisho ya kila kazi. Mpanki alimaliza kusema lake na kuondoka kabla kisu hakijafika. Sisemi kwamba hii ndiyo sababu ya Wachina kupenda panki, hapana. Lakini kijana mwenye yuan chache anayechagua kati ya CD mbili zenye kovu, moja inapiga yote na nyingine inakatika penye utamu, mimi najua ningechukua ipi.

Kaseti zilikuwa kazi zaidi. Msumeno ulipasua kasha na utepe wenyewe. Mnunuzi anafungua skrubu, anatafuta ncha mbili za utepe, anaziunga kwa gundi ya karatasi na kuingiza kwenye kasha lingine. Penye kiungo wimbo unaruka kidogo. Waliokulia na redio kaseti nyumbani, walioona wakubwa wao wakirudisha utepe kwa kalamu ya biki, hawatashangaa.

Jeshi la Waliochoshwa

Basi, vijana wakapata shule yao. Haikuwa na mwalimu wala mpangilio. Kontena lilileta kilichobaki kwenye ghala la mtu, kwa hiyo mtu mmoja aliweza kununua siku moja bendi ya mwaka 1977, bendi ya mwaka 1993 na mwanamuziki wa jazi asiyejulikana hata kwao, vyote vikawa vipya kwake kwa pamoja. Mtu wa London alizipata kwa miaka ishirini, moja moja. Hawa walizila kwa mkupuo. Ndiyo maana panki yao ya mwanzo ina harufu ya miaka yote.

Miaka ya kwanza ya 1990 Beijing ilikuwa tayari na bendi iitwayo Underbaby. Mwaka 1996 Wuhan wakaanza SMZB, bendi ya Wu Wei. Mwaka 1998 wasichana wa Beijing wakaanzisha Hang on the Box, na mwaka uliofuata wakatokea jaladani kwenye Newsweek toleo la Asia. Lakini kundi ninalotaka mlijue ni lile la klabu ya Haojiao, maana yake "Mayowe", pale Wudaokou. Bendi nne zilikuwa zinapiga hapo: Brain Failure, Reflector, 69 na Anarchy Boys. Wenyewe walijiita Wuliao Jundui, ambayo naifasiri Jeshi la Waliochoshwa. Neno wuliao mnalijua, ndilo mnalolisikia kila siku bwenini mtu akiwa hana la kufanya. Wengi wao walikuwa vijana wadogo sana, Reflector walianza wakiwa wanafunzi wa sekondari. Mwaka 1999 bendi hizo nne zikatoa albamu moja ya pamoja yenye CD mbili, ikiitwa jina hilohilo la jeshi.

Nimeisikiliza kwa makini zaidi ya mara moja. Kwa viwango vya studio ni mbaya. Ngoma zinakimbia kuliko gitaa, sauti inapasuka, na Kiingereza wanachoimba hapa na pale kingemtoa machozi mwalimu yeyote. Lakini ina kitu ambacho albamu nyingi safi hazina: unasikia watu wanaojua kwamba nafasi hii huenda isirudi.

Na kweli, kwa baadhi yao haikurudi. Brain Failure na Reflector waliendelea miaka mingi na kuzunguka nje. Anarchy Boys na 69 hawakudumu. Ndiyo kawaida ya bendi kama hizi, na sababu zake si fumbo. Maonyesho yanahitaji vibali, klabu ndogo inafungwa ikikosa kodi au ikikosa jirani mwenye subira. Wazazi wana mtoto mmoja tu, na huyo mmoja amejipaka nywele rangi ya kijani. Mpiga ngoma akipata kazi kiwandani Shenzhen, bendi nzima imekwisha, kwa sababu mpiga ngoma ni kama nguzo ya katikati ya banda. Na mtaa wenyewe haukusubiri: reli ya metro namba 13 ilifika Wudaokou mwaka 2002, na bei ya ardhi ikapanda. Ukipita leo ni majengo ya vioo na mikahawa.

Kuna wenzetu watasema, kama ambavyo wazee wa Beijing walisema, kwamba hii yote ni kuiga Wazungu. Hoja hiyo tunaifahamu sana kwetu. Tanzania, Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana kuanzia Januari 1969 dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, na Novemba mwaka huohuo viongozi wa Dar es Salaam wakapiga marufuku muziki wa soul. Soul! Muziki wa watu weusi wa Marekani. Waliokatazwa walikuwa na swali zuri ambalo sijaona likijibiwa: kama gitaa la dansi tulilopenda sote lilitoka nje, ni chombo gani hasa kinachopewa uraia na kipi kinanyimwa?

Tena si Wachina peke yao. Nairobi kulikuwa na vijana wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliojiita Duma, neno la Kikikuyu lenye maana ya giza. Albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ni kelele kali kuliko panki yoyote niliyoitaja humu: gitaa, mashine ya ngoma na mayowe. Wao pia hawakudumu, kila mmoja ameshika njia yake. Tofauti ni kwamba kwao muziki ulishuka kwa intaneti. Hakuna aliyeukata.

Turudi kwa Wachina. Watu wa rika lile walipewa jina: kizazi cha dakou. Mwandishi Yan Jun wa Beijing alilitangaza, na mwaka 1999 yeye na Ou Ning na mwenzao mmoja wakatoa kitabu kuhusu bendi mpya za Beijing. Jina la Ou Ning mlikumbuke kwa sababu nyingine. Ni mtu wa Guangdong, na mwaka 2003 yeye na msanii Cao Fei walitengeneza filamu ya rangi nyeusi na nyeupe iitwayo San Yuan Li. Ndiyo, Sanyuanli yetu hii hii, ya mizigo na ya wali wa mchuzi wa karanga. Walipiga picha kijiji kilichomezwa na mji, vichochoro vinavyobana mpaka mbingu inabaki mstari. Mwenye kutaka kuiona Sanyuanli ya miaka ile aitafute. Halafu kuna Mholanzi, Jeroen de Kloet, aliyeandika kitabu kizima kuhusu roki na vijana wa China na kukitoa mwaka 2010, na jina la kitabu linacheza na lile kato.

Aliyelipa

Hapa ndipo habari inakuwa nzito, na sitaki kuiruka kwa sababu ya utamu wa muziki.

CD iliyopiga iliuzwa. Isiyopiga, na mamilioni ya vipande vingine vya plastiki vilivyokuja kwenye kontena zilezile, ilisagwa na kuyeyushwa, mara nyingi kwenye yadi za familia bila bomba la moshi wala barakoa. Wilaya hiyohiyo ya Chaoyang yenye soko la Heping ina mji mwingine uitwao Guiyu. Mhandisi yeyote wa mazingira analijua jina hilo. Huko ndiko kompyuta chakavu za dunia zilikokuwa zinachomwa ili kutoa shaba na dhahabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Shantou walichapisha mwaka 2007 vipimo vya damu za watoto wadogo wa Guiyu: wastani wa risasi ulikuwa mikrogramu 15.3 kwa kila desilita. Kiwango cha tahadhari wakati ule kilikuwa 10, na Marekani baadaye imekishusha hata chini ya 5. Risasi nazungumzia ya madini, ile inayoharibu ubongo wa mtoto unaokua.

Kwa hiyo kijana wa Beijing alipata Ramones kwa bei ya maandazi, na mtoto wa Chaoyang alipata moshi. Mnyororo ni mmoja. Sioni namna ya kuhesabu upande mmoja bila mwingine, na wanaosimulia dakou kama hadithi ya kupendeza tu naona wameipiga CD mpaka kwenye kato wakazima.

Sisi tunaijua biashara hii kwa jina la mitumba. Nayo inafanana kwa mengi: belo linafunguliwa bila kujua kilichomo, cha juu kinauzwa ghali, cha chini kinaishia jalalani Gikomba au Tandika. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba polepole, Marekani ikatishia kutunyang'anya AGOA, na aliyebaki na msimamo ni Rwanda peke yake, ambayo mwaka 2018 ilisimamishiwa nafuu ya nguo. Ila kuna tofauti moja ninayoiona kubwa. Shati la mtumba linavaliwa mpaka linachanika na habari imekwisha, na njiani limembana fundi cherehani wa kwetu. CD ya dakou haikumbana mtu kwa sababu hapakuwa na panki ya Kichina ya kuuawa. Aliyeisikia aliweza kwenda kuazima gitaa.

Dakou ilikufa mara mbili. Mara ya kwanza ni miaka ya 2000, faili za MP3 zilipoingia na CD zenyewe zikapungua duniani. Mara ya pili ni kisheria: Julai 2017 China ilitangaza kwamba haitaki tena taka za plastiki za wengine, na kuanzia Januari 2018 mlango ukafungwa. Plastiki haikuacha kutengenezwa kwa sababu hiyo. Kontena zikageuza pua kuelekea Malaysia na majirani zake, nao wakaanza kuzirudisha zilikotoka. Mwaka 2020 ikafichuka kwamba umoja wa viwanda vya kemikali vya Marekani ulikuwa unaishawishi serikali yao itumie mazungumzo ya biashara na Kenya kulegeza masharti ya plastiki, Kenya ionekane kama lango la kuingilia Afrika. Kenya ileile iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017! Tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea taka za plastiki zilizochanganyika iridhie kwanza. Karatasi ipo. Lakini na zile CD za Heping zilikuwa na karatasi.

Naliandika hili kwenye jarida letu kwa sababu humu ndani tuna watu wa kontena. Wapo wanaolipa ada kwa kusafirisha kompyuta na simu zilizotumika kwenda Dar, Mombasa na Kampala, na siwalaumu, kompyuta yangu ya kwanza ilikuja hivyohivyo. Tofauti ya bidhaa na taka kwenye mzigo ule ni kipimo cha dakika mbili: iwashe, iache ichaji, zima. Mashine isiyowaka ikifika Mombasa haina fundi mwenye bomba la moshi anayeisubiri.

Nimalizie na muziki, maana mmevumilia. Nilimuuliza Laoshi wa maabara zile nyimbo za mwisho alizifanyaje. Akasema kwa miaka kadhaa alikuwa na albamu ambazo hakujua zinavyoishia. Alipopata intaneti, kitu cha kwanza kupakua hakikuwa bendi mpya. Alipakua nyimbo za mwisho, moja moja, kutoka kwenye orodha iliyoandikwa kwa mkono. Nyingine, anasema, hazikuwa nzuri kivile, msumeno ulikuwa umemsaidia.

Anayetaka kusikiliza, asitafute kwa herufi za Kiingereza, hatapata kitu cha maana kwenye programu za muziki za hapa. Andika 无聊军队 kwa jeshi zima, 脑浊 kwa Brain Failure, 反光镜 kwa Reflector. Ukitaka kuona picha za CD zenyewe na makovu yake andika 打口. Na tumieni spika za masikioni, kwa sababu ayi wa bwenini kwetu alipanda ghorofa nne kuja kuuliza nani anapigwa.